Kujenga Kiini Chetu cha Kompyuta: Kwa Nini, kwa Namna Gani, na Hadi Lini

Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili katika kikao cha robo mwaka



Ratiba inasema saa hii ni ya taarifa ya mradi wa kompyuta. Idadi ya mashine na fedha zilizotumika zimo katika kabrasha mlilopewa mlangoni, na mhazini atazieleza mchana. Sisi tunaomba kutumia nafasi hii kujibu swali moja. Baadhi ya kamati zimetuuliza kwa barua, na wafadhili wametuuliza kwa upole lakini kwa uzito: kwa nini vijana wa karakana wanashinda siku nzima wakitengeneza kitu kiitwacho kiini, wakati programu za kompyuta zinapatikana tayari, tena bure?

Swali ni la haki. Muda wa vijana ni fedha ya mradi, na fedha ya mradi ni sadaka ya watu.

Maabara nyingi za shule tunazohudumia hutumia Linux, hasa mkusanyiko wa programu huria unaoitwa Debian. Hauna ada ya leseni, na ukishasimikwa hauhitaji intaneti kila siku. Tarehe 9 Agosti 2025 lilitoka toleo la 13 la Debian. Katika toleo hilo waandaaji waliacha kutoa kiini na programu ya kusimika kwa ajili ya kompyuta za kawaida za biti 32. Hatuwalaumu. Wengi wao ni watu wa kujitolea, na kila aina ya mashine inahitaji mtu wa kuipima. Upande wa Windows nako mlango umefungwa: Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, na matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa, mashine za biti 32 ni zipi? Ni zile ambazo prosesa yake huhesabu anwani za kumbukumbu kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, yaani anwani 4,294,967,296 na si zaidi, sawa na gigabaiti 4. Prosesa za biti 64 kwa kompyuta za kawaida zilianza kuuzwa mwaka 2003 na kampuni ya AMD, na Intel ikafuata mwaka 2004. Mtu angedhani basi kwamba kila kitu kilichotengenezwa baada ya hapo ni cha biti 64. Sivyo. Kompyuta ndogo za mkononi za bei nafuu zilizotoka mwaka 2008 na kuendelea, zenye prosesa ya Atom N270, zilikuwa bado za biti 32, na ndizo hasa zilizofika kwetu katika makontena ya misaada. Ni nyepesi, zinakula umeme kidogo, zinafaa kwa sola. Ndiyo maana bado zipo mezani.

Hapa tunaomba kila kamati iandike jambo hili: kabla ya kuitangaza mashine kuwa ya biti 32, ipimwe. Stika iliyobandikwa ubavuni haitoshi, kwa sababu mara nyingi inaeleza Windows iliyosimikwa, haielezi prosesa iliyomo. Chini ya Linux andika amri lscpu, na mstari wa pili utasema kama prosesa inaweza biti 64. Zikionekana zinaweza, basi Debian 13 ya kawaida itaingia bila shida, hakuna kiini cha kujenga, na watu waende kunywa chai. Kazi tunayoizungumzia leo ni ya mashine ambazo jibu lake ni hapana.

Kwa wale ambao neno hili ni geni, kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayoshika funguo. Chukueni ofisi ya parokia. Mkristo anayetaka cheti cha ubatizo haendi kabatini kuchomoa daftari mwenyewe. Anamwambia katibu, katibu anaangalia kama ana haki, anafungua kabati, anamletea anachohitaji, na kabati linafungwa. Programu ya kuandikia barua nayo hivyo hivyo. Haigusi diski, haigusi kibodi, haigusi printa. Inaomba, na kiini kinatenda kwa niaba yake. Na kama programu mbili zinataka kitu kimoja kwa wakati mmoja, kiini ndicho kinachopanga foleni. Wengine huliita keneli. Sisi tumezoea kiini.

Kiini cha Linux kilianzwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21. Alitangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991, na toleo la kwanza, lililotoka Septemba mwaka huohuo, lilikuwa na mistari ipatayo 10,000 ya msimbo. Leo mistari imepita milioni 30. Tangu mwaka 1992 kimekuwa chini ya leseni ya GPL, ambayo inampa mtu yeyote haki ya kukisoma, kukibadili na kumgawia mwenzake, mradi naye asiifiche haki hiyo kwa wanaomfuata. Ni haki ileile iliyowawezesha wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kwa leseni hii hakuna ofisi ya kuomba kibali ili kutengeneza kiini cha maabara ya shule ya parokia. (Torvalds alianza kwa kompyuta ya aina ya 386. Toleo la 3.8 la mwaka 2013 liliondoa mashine za 386. Hata baba wa kazi hii hakuachiwa mashine yake ya kwanza, basi sisi ni nani.)

Turudi kwenye swali. Debian 12, ile ya kabla, bado ina kiini cha biti 32, na matengenezo yake ya muda mrefu yamepangwa kufika Juni 2028. Kwa nini tusitumie hicho na kunyamaza?

Katika maabara nyingi ndivyo tunavyofanya, na tunashauri hivyo. Lakini katika shule moja nyaya za mtandao zilizopita darini zilitafunwa na panya. Kuzivuta upya kungegharimu zaidi ya uwezo wa shule, hivyo bodi ikanunua vifaa vidogo vya kupokea mtandao wa hewani, vile vinavyochomekwa kama flashi. Ndani yake mna chipu ya Realtek RTL8821CU. Kiini cha 6.1 kinachokuja na Debian 12 hakina kiendeshi cha chipu hiyo kwa njia ya USB. Kiendeshi hicho kiliingizwa katika toleo la 6.2, lililotoka Februari 2023. Debian 13 inayo 6.12, lakini si kwa biti 32. Kwa hiyo shule ilikuwa na mashine nzima, vifaa vipya vilivyolipiwa, na darasa ambalo haliwezi kufika kwenye seva ya maktaba iliyo chumba cha pili. Kamati ya shule ilikwisha kuandika muhtasari wa kuziuza mashine kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Msimbo wa kiini 6.12, uliotolewa Novemba 2024, bado unakubali prosesa za biti 32. Aliyeacha ni mpishi wa Debian. Unga bado upo ghalani. Tukaamua kupika wenyewe.

Sasa namna ya kufanya. Hatutasoma amri zote, ila tunapenda kamati zielewe mahali penye uzito, kwa sababu ndipo muda unapokwenda.

Msimbo hupakuliwa kutoka kernel.org, nao hata ukiwa umebanwa unazidi megabaiti 100. Kwa kifurushi cha simu hiyo si haba, kwa hiyo tunapakua mara moja, mjini, na kuhakiki saini ya kielektroniki inayoambatana nao. Tusihakiki, tunaweza kuweka katika mashine za watoto kitu kilichochezewa njiani. Kisha hufuata kazi ya kuchagua, nayo ndiyo moyo wa shughuli. Kiini cha Debian kimeandaliwa kwa kila kifaa kinachoweza kuwepo duniani, kuanzia kadi za mtandao za seva kubwa hadi vifaa ambavyo shule haitaviona kamwe, na hivyo kina maelfu ya moduli. Mashine ya shule inahitaji sehemu ndogo tu. Kuna amri, make localmodconfig, ambayo huangalia moduli zinazotumika wakati ule katika mashine na kuacha nyingine zote. Inaokoa saa nyingi.

Lakini amri hiyo ni kama mgeni anayehesabu watoto wa nyumba usiku: aliyekwenda dukani hahesabiwi. Kama flashi haijachomekwa, kiendeshi cha flashi hakimo. Kama printa imezimwa, vivyo hivyo. Kwa hiyo vijana huchomeka kila kitu kwanza: printa, flashi, projekta, kipanya, hata kamera kama ipo. Na kile kifaa cha Realtek hakitahesabiwa hata kikichomekwa, maana kiini cha zamani hakikijui. Ndiyo sababu ya safari yote. Hicho lazima kiwashwe kwa mkono katika orodha ya make menuconfig, chini ya rtw88. Hali kadhalika baadhi ya vifaa hivyo vikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, na huhitaji programu ndogo ya usb-modeswitch ili vigeuke kuwa vifaa vya mtandao. Mtu asiyelijua hilo atabadili kiini mara tatu akitafuta kosa lisilokuwemo.

Kukompaili, yaani kuugeuza msimbo kuwa kitu ambacho prosesa inakielewa, hakufanywi kwenye zile kompyuta ndogo. Zingechukua saa nyingi mno na kupata joto bure. Tunatumia mashine moja yenye nguvu, ya biti 64, na kuiambia kwa neno ARCH=i386 kwamba mlaji ni wa biti 32. Orodha ya moduli za mashine ya shule huletwa katika flashi. Taarifa za utatuzi wa makosa huzimwa, la sivyo zinajaza gigabaiti nyingi za diski bila faida kwetu. Na kwa kuwa karakana inategemea sola, kazi hii huanza saa nne asubuhi na kumalizika kabla ya saa tisa, jua likiwa bado na nguvu. Mwisho, amri ya make bindeb-pkg hutoa kifurushi cha Debian ambacho huwekwa katika kila mashine kwa dakika chache. Kinajengwa mara moja na kutumika chumba kizima, ilimradi mashine ni za aina moja.

Halafu linakuja tukio lenyewe, kuwasha. Kompyuta ikiwashwa, programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama, BIOS, inakagua vyombo vyake na kutafuta diski. Inamkabidhi kazi GRUB, ambaye anaonyesha orodha ya viini vilivyopo. GRUB anakipeleka kiini kwenye kumbukumbu pamoja na kifurushi cha muda chenye moduli za mwanzo. Kiini kinajikunjua, kwa maana huhifadhiwa kikiwa kimebanwa, kinatambua prosesa, kumbukumbu na vifaa, kinafungua sehemu kuu ya diski, na hatimaye kinaanzisha programu namba 1. Programu nyingine zote za kawaida ni watoto na wajukuu wa hiyo namba 1. Yote hayo kabla mwanafunzi hajaandika jina lake.

Hatua inayoua wengi ni ile ya kufungua diski. Ikiwa kiendeshi cha diski au cha mfumo wa faili wa ext4 hakikuwekwa, kiini kinaamka, kinatazama huku na huku, hakioni nyumba yake. Skrini hujaa maandishi na mashine husimama kimya. Kwa mtazamaji inaonekana imekufa. Haikufa, diski haijaguswa, na hakuna faili lililopotea. Ndiyo maana kiini cha zamani hakifutwi kamwe siku ileile. Tunatumia amri ya grub-reboot, ambayo inasema: jaribu kipya mara hii moja tu. Tunaongeza panic=10, maana yake kikikwama, mashine ijizime na kujiwasha yenyewe baada ya sekunde 10. Matokeo yake, kiini kipya kikikataa, mashine inarudi kwenye kile cha zamani bila mtu kugusa kitu, na kipindi cha saa tatu kinaendelea. Kikikubali na kukaa siku kadhaa bila lawama, ndipo hufanywa cha kudumu. Amri ya uname -r huonyesha ni kipi kinachoendesha mashine. Vyetu tumeviongezea neno "maabara" mwishoni mwa namba ili visichanganywe.

Tunaomba nafasi ya kutaja kitu kidogo chenye usumbufu mkubwa kuliko ukubwa wake: betri ya ubao mama, ile ya duara ya CR2032 ya volti 3. Ikiisha, mashine husahau tarehe kila inapozimwa. Mashine inayodhani ni miaka mingi iliyopita hukataa vyeti vya tovuti, hupanga faili vibaya, na kama ndiyo inayokompaili hulalamika kwamba faili zinatoka siku zijazo. Kamati moja ilikwisha kuamua kwamba Linux ni mbovu, kumbe ni betri. Tafadhali zinunueni kabla ya kutuita.

Na kuhusu kasi, tusidanganyane. Mashine haiwi mpya kwa sababu ya kiini. Inawaka upesi kidogo, inabakiza kumbukumbu kidogo zaidi, na hiyo ni faida kwa kompyuta yenye gigabaiti 1, lakini kinachomaliza kumbukumbu siku hizi ni kivinjari. Mtu akifungua kurasa tano zenye video, hakuna kiini kitakachomwokoa. Kazi zinazofaa kwa mashine hizi ni kuandika, kujumlisha hesabu za majedwali, kujifunza programu, na kusoma vitabu kutoka seva ya ndani. Aliyeahidiwa zaidi ya hayo amedanganywa.

Sasa gharama yenyewe, ambayo wafadhili mna haki ya kuisikia kwetu kabla hamjaigundua wenyewe. Anayetumia kiini cha Debian hupata marekebisho ya usalama bila kufikiri. Yanakuja na sasisho la kawaida. Anayejenga chake amebeba mzigo huo kichwani. Kernel.org hutoa matoleo ya marekebisho karibu kila wiki. Hatuwezi kujenga kila wiki, wala hakuna haja. Tumeweka utaratibu wa mara moja kwa mwezi, na mara ya ziada likitoka onyo zito linalogusa vifaa tulivyo navyo. Hata hivyo utaratibu una thamani ya watu wanaoushika tu. Kijana mmoja mwenye ujuzi huu akipata kazi mjini, na anayo haki ya kupata, shule inabaki na kiini kisichosasishwa hata milele, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na maabara.

Kwa sababu hiyo tumeweka masharti, na tunaomba kamati ziyaheshimu hata pale yatakapowaudhi. Hatujengi kiini mahali ambapo hakuna watu wawili waliofundishwa, na tunapendelea mmoja awe mwalimu aliyeajiriwa. Faili la machaguo, lile liitwalo .config, hutunzwa nakala mbili, moja shuleni na moja karakana, pamoja na daftari la mkono linaloeleza nini kiliwashwa, nini kilizimwa na kwa nini. Shule ikikosa miezi mitatu mfululizo bila kujenga upya, tunarudisha kiini cha Debian 12 na kile kifaa cha hewani kinawekwa kabatini. Na mwisho wa yote ni Juni 2028. Wakati huo programu nyingine zote za Debian 12 zitakuwa zimefikia ukomo wake, na kiini kipya juu ya programu zilizooza hakina maana. Tarehe hiyo mashine za biti 32 zitaondolewa kwenye mtandao. Tunasema mapema ili bajeti za parokia zianze kuweka akiba tangu sasa, kidogo kidogo, kuliko kuja kulia siku ya mwisho.

Hapo ndipo ombi letu kwa wafadhili linapokuja. Msitutumie tena kompyuta za biti 32, hata zikiwa safi na zenye kung'aa. Afrika ina Mkataba wa Bamako, uliopitishwa Mali mwaka 1991 na kuanza kutumika mwaka 1998, unaokataza kuingiza taka za hatari barani. Hatusemi kwamba msaada wenu ni taka. Tunasema kwamba mashine isiyo na mfumo endeshi wa kuipokea haichukui muda kuwa taka, na shimo litakalochimbwa litakuwa nyuma ya shule yetu. Kama kuna fedha ya usafirishaji wa kontena, ingetufaa zaidi kwa kumbukumbu za ziada za mashine za biti 64 tulizo nazo, kwa diski za SSD, na kwa betri za sola za karakana, ambazo zimeanza kuchoka.

Kwa kamati za parokia, tunahitaji orodha kabla ya kikao kijacho: kila mashine, jibu la lscpu, kiasi cha kumbukumbu, na kama tarehe yake inakaa sawa ikizimwa usiku. Karatasi moja ya daftari inatosha, haihitaji barua yenye muhuri. Zile shule ambazo zina mashine za biti 32 na watu wawili walio tayari kufundishwa, ziandike majina ya kazi zao pembeni ili tupange wiki ya mafunzo wakati wa likizo.

Mashine moja kati ya zile zilizokuwa ziuzwe kama chuma chakavu tumekuja nayo, iko kwenye meza ya nyuma karibu na chai. Ina viini viwili, kipya na cha zamani. Anayetaka aje aiwashe mwenyewe, achague kwenye orodha, aone. Fundi yupo, na maswali magumu mpelekeeni yeye.